Redio Iliyofukizwa Udi

Redio yetu ilianza kukoroma baba alipokwisha kuzikwa, kana kwamba ndiyo iliyopewa kitanda chake. Mwanzoni niliifanyia mzaha. Mama alikuwa amekaa eda ya baba, hatoki mlangoni, na mimi nikisema, "Leo habari zinasomwa na ngamia," alikuwa akitabasamu kidogo.

Halafu tukapata habari kwamba wanafunzi wetu walioko Misri watatoa salamu redioni Alkhamisi jioni, na kaka yangu yumo. Tangu apande meli, mama hajamsikia. Mtaa mzima wa Jang'ombe ungekwenda kusikiliza mkahawani. Mwenye eda havuki kizingiti. Kwa hiyo ipone redio ile, au mama akose.

Mjomba akaja kuitibu. Mjomba ni fundi wa kila kitu mpaka akishike. Akasema waya wa eriali umelalia madebe ya paa, kila kinachotoka hewani kinaishia kwenye kutu. Akapanda, akauinua kwa mwanzi, akawa anapiga kelele kutoka huko juu:

"Imekuja?"

"Imekuja."

"Nani anasema?"

"Wewe, mjomba."

Kwa haki ya Mungu, hapo alipatia. Mikwaruzo ilipungua. Lakini sauti ikawa inapanda na kuzama, na stesheni haikamatiki. Nikafungua ubao wa nyuma. Harufu ya udi ikanipiga usoni.

Baba alipokuwa hai, kila Ijumaa mama akiweka chetezo cha udi chini ya redio na kuifunika kanga, vile vile anavyofukiza nguo, ili jicho la watu lisiipate. Moshi wote ule ulikuwa umeganda ndani. Vile vibati vya kutafutia stesheni vilishikana kwa utomvu mweusi kama gundi. Harufu ikamfika mama pale mkekani, akageuza uso na kujiziba pua kwa ukaya wake wa kichwani, maana mwenye eda na manukato ni mbalimbali.

"Kuna nini humo?"

"Vumbi," nikasema. Sikosi neno la kumchokoza mtu, lakini siku ile nilikosa.

Mjomba akachovya kitambaa kwenye mafuta ya taa, autoe ule utomvu.

"Taratibu, mjomba, yanamwagika."

"Kasome jiografia yako."

Mafuta yakachuruzika mpaka kwenye karatasi ya spika. Ikalainika kama mkate uliotoswa kwenye chai.

Alkhamisi, baada ya magharibi, tukakaa. Wanafunzi wakaanza, mmoja baada ya mwingine, wote kama watu waliojaza wali mdomoni kisha wakafunikwa mto. Mama akasogea, akaweka sikio kwenye kitambaa cha spika.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye," akasema mjomba.

Akaja mwingine. "Na huyu?"

"Huyu ndiye hasa."

Mama akamtazama ndugu yake. Kisha karatasi ikachanika, ukabaki mvumo tu. Mjomba akaipiga redio kofi. Ikanyamaza kabisa.

Asubuhi nikaenda barazani kwa waliosikiliza mkahawani. Wakaniambia kaka katoa pole ya msiba, masomo yanakwenda, anaomba dua. Nikambebea mama yote.

"Maneno nshayapata," akasema. "Sauti yake je? Imekuwa nzito? Imekonda?"

Nikarudi barazani kuuliza. Wakatazamana.

"Sauti ya kiume," mmoja akasema. Wenziwe wakaafiki.

Nikamletea hiyo. Mama akavuta uzi wa mkeka.

"Wewe unamuigiza mwalimu wako mpaka majirani wanachungulia. Hebu niigizie ndugu yako. Anisalimie tu."

Nikakohoa. Nikaitafuta sauti ya kaka, niliyelala naye chumba kimoja tangu utotoni, nisiione.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Nikairudia kwa chini zaidi, kifuani.

"Basi," akasema. "Nenda kachote maji."