Gari Lililopimwa Tupu

Tangu biashara iachiwe huru, matairi mapana yamefika hata Kibiti. Juzi gereji nilimkuta ofisa mmoja amefungiwa manne kwenye gari la mradi, lile lililoandikwa mlangoni "Maendeleo ya Wananchi". Alichuchumaa, akafumba jicho moja.

"Mbele limeinama. Linyanyue lilingane na nyuma."

"Nyuma imeachwa juu makusudi, mzee," fundi akamjibu. "Wakipanda watu inashuka, linakaa sawa."

"Wewe nyanyua."

Fundi akaongeza vyuma kwenye springi za mbele. Gari likanyooka kama rula, ofisa akalizunguka mara tatu.

Hapo akatokea mjamzito kutoka kijiji cha Mtunda, kashika kiuno, akaombewa lifti ya hospitali. Huku mzazi haendi peke yake: wakapanda naye mama mkwe, mashangazi, majirani, mikeka na masufuria. Nyuma ikadidimia, taa za mbele zikatazama minazi.

Ofisa aliliangalia gari, si mjamzito. "Mama zangu, shukeni. Mnaliharibu."

Mjamzito akapakiwa kwenye baiskeli. Ofisa akaondoka peke yake, gari limenyooka kabisa.

Fundi alifuta mikono kwa tambara.

"Kosa langu," akaniambia. "Nilidhani ni la kubebea watu."