Ufa Alioziba Huseni

Huseni wa mtaa wa Buyenzi alikuwa fundi kweli; hilo hata mahasimu wake hawakulikana. Ubaya ni kwamba yeye mwenyewe alilijua mno. Ukimletea gari, atalidharau gari kwanza, kisha mwenye gari, kisha fundi aliyeligusa kabla yake, na akishamaliza kudharau ndipo atafungua boneti. Watu walimvumilia kwa sababu magari yalipona.

Mwaka wa pili wa vikwazo vya biashara kutoka nchi jirani, vita vikiwa vimefunga barabara za mikoani na malori hayaji tena gereji, Adolphe alimletea kichekesho. Huyu Adolphe alikuwa mkurugenzi wa bohari moja kule Zone Industrielle, kwenye viwanda, mtu wa tumbo na miwani. Alikuwa ameagiza Ulaya ganda la gari la mashindano, la faiba, vipande vipande, akaliungisha juu ya shasi ya Volkswagen kuukuu. Gari lenyewe lilikuwa fupi kama kitanda cha mtoto, na taa zake zilikaa nyuma ya vifuniko vya plastiki angavu. Kila mvua iliponyesha, vifuniko vilijaa maji. Huseni aliinama akatazama, akasema moyoni kwamba hapo hapakosekani ila samaki.

Lakini kisebusebu na roho papo. Bohari ilikuwa inatafuta shefu, yaani mkuu, wa gereji yake, mwenye mshahara wa kila mwezi, na Adolphe alisema waziwazi kwamba atakayeyazuia maji yale, kazi ni yake. Nyumbani Asiya, mke wa Huseni, alikuwa anapika mara moja tu kwa siku. Huseni aliitaka kazi ile kwa moyo wake wote, hata kama ilipitia kwa mjinga.

Silikoni haikupatikana mjini. Alikata mpira wa chubu ya tairi, akauzungusha kwenye kila kifuniko, akaupaka gundi ya kuzibia pancha. Kisha akafanya desturi yake: alimwita mwenye gari, akawaita na majirani, akamimina ndoo nzima juu ya taa mbele yao wote. Tone halikupita. Adolphe alipiga makofi. Huseni akabinua mdomo. Kumfurahisha tajiri wa aina ile, alisema baadaye, ni kazi ya ndoo moja.

Wiki haikuisha, gari likarudi. Taa ya kulia ilikuwa nusu maji. Ya kushoto ilikuwa kavu kabisa. Adolphe aliliacha, akasema atalichukua Alhamisi.

Pembeni pa gereji alikaa Namegabe, mkimbizi wa Bukavu aliyeziba pancha za baiskeli. Huseni hakumhesabu hata katika mafundi. Namegabe alikuja, akachuchumaa, akaonyesha ufa mdogo chini ya kifuniko cha kushoto, mahali gundi ilipoachia.

"Muzee Huseni, mayi inaingia kwa nyuma, tairi ndiyo inarusha," alisema. "Huku inapata pa kutokea. Toboa na ile ingine pa chini."

Huseni alimjibu bila kumtazama kwamba labda Bukavu mitumbwi hutobolewa ili isizame. Watu wakacheka, Namegabe akarudi kwenye baiskeli zake. Lakini mwenye macho haambiwi tazama, na Huseni alikuwa na macho. Aliuona ufa. Aliona na michirizi ya tope ndani ya kifuniko, imetokea nyuma. Alijua jamaa amesema kweli, na jambo hilo lilimkera kama mchanga katika wali. Angetoboa, gereji nzima ingesema amefundishwa na mziba pancha. Basi akayamwaga maji ya taa ya kulia, akachukua gundi, akauziba ufa wa kushoto.

Jumamosi Adolphe alilipeleka gari lake Gasenyi, nje kidogo ya mji, kutazama kiwanja cha kujenga. Saa kumi mvua ikashuka, mchana ukawa giza. Kwenye kizuizi cha barabarani askari walimwamuru awashe taa. Maji yalikwishafika kwenye balbu zote mbili; zikapasuka moja baada ya nyingine, na askari wale, ambao masikio yao yalizoea milio mingine, wakamlaza mkurugenzi kifudifudi kwenye tope, bunduki kisogoni. Miwani ilibaki huko huko.

Jumatatu alikuja, gari likivutwa kwa kamba. Hakupaza sauti.

"Ya kushoto ilikuwa kavu," alisema. "Uliifanya nini?"

"Niliiziba, patron."

Majirani waliocheka ule mzaha wa mitumbwi wakamtazama Namegabe, na Adolphe akamgeukia. Namegabe alipasha msumari kwenye mkaa, akatoboa vifuniko vyote viwili kwa chini, maji yakachuruzika mpaka yakaisha. Wiki ile ile alianza kazi ya ushefu Zone Industrielle, akatuma ujumbe kwamba anahitaji fundi wa injini, na kwamba yeye hamjui anayemshinda Huseni. Huseni aliutafuta mzaha ndani ya ujumbe ule, akaugeuza huku na huku, hakuuona. Hilo ndilo lililomchoma zaidi.

Alipofika nyumbani alimweleza Asiya kila kitu, akaapa kwamba afadhali njaa kuliko kuamriwa na mkimbizi. Asiya alikuwa anachagua mchele uliobaki. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Baba Soumaya, we ulijua kama kutoboa ndiyo dawa?"

Huseni aliokota punje iliyodondoka, akamrudishia.

"Nilijua."

"Basi kesho utaenda," Asiya alisema. "Na utamuita shefu."