Jogoo wa Shukrani

Nilimchukia jogoo yule kwa moyo wote. Alikuwa mwekundu, mrefu wa miguu, na alikuwa na tabia ya kuingia jikoni na kusimama katikati kama mwenye nyumba. Alikula mahindi yetu, alidonoa mchicha wa mama, aliwika saa yoyote aliyojisikia. Na hatukuruhusiwa kumgusa. Mama alisema kitu kilichokwisha kutolewa kwa Mungu hakiliwi nyumbani. Basi jogoo akazeeka pale kwetu Misunkumilo kwa raha zake, huku sisi tukishushia ugali kwa kisamvu.

Kanisani kwetu, mavuno yakishaingia, kulikuwa na Jumapili ya shukrani. Kila familia ilibeba ilichojaliwa: mahindi, karanga, mpunga wa Mwamkulu, kuku waliofungwa miguu, mara mojamoja mbuzi. Vitu viliwekwa mbele, mchungaji akaviombea, kisha vikatolewa uwanjani na kunadiwa. Aliyenunua aliondoka na kitu chake, fedha ikabaki kanisani. Ndivyo ilivyotakiwa iwe. Lakini ulikuwepo mtindo mwingine uliosifiwa kuliko huo: mtu ananunua kitu cha mjane, anamrudishia palepale, na akina mama wanapiga vigelegele.

Tangu baba alipofariki, mama alikuwa mjane wa kurudishiwa.

Aliyekuwa akiturudishia ni mzee mmoja wa kanisa, Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake kutoka kaskazini na kujenga nje kidogo ya Mwamkulu. Mtu mwema, lazima niseme hivyo kabla sijamsema. Mwaka wa kwanza mama alitoa karanga. Yule mzee akazinunua kwa sauti kubwa, akazibeba mwenyewe mpaka miguuni kwa mama. "Mayu," alisema, maana kwao mama huitwa hivyo, "chukua karanga zako, ukale na watoto." Mwaka uliofuata mama akatoa jogoo. Jogoo akarudi. Mwaka mwingine tena akampeleka jogoo yuleyule, naye akarudi tena, na vijana wa kwaya wakasema jogoo wetu ameokoka mara mbili, kilichobaki ni ubatizo tu. Mimi niliwatazama kwa jicho ambalo, lingekuwa na meno, lingewang'ata.

Mama alisema asante. Siku zile nyumba yetu ilikuwa imejaa hilo neno. Tulisema asante kwa chumvi, asante kwa unga, asante kwa magauni yaliyochakaa kwapani. Kuna jirani yetu, mama mmoja ambaye wazazi wake walikimbilia huku kutoka Burundi, alituletea maharage na akakimbia kabla hatujashukuru. Yule nilimpenda. Wengine walisimama mlangoni wakingoja neno lao.

Jioni ile ya jogoo kurudi mara ya pili, mama alikaa kwenye kigoda, kanga ya kanisani bado kiunoni, hakutaka hata kubadili.

"Hivi mimi sina hata kitu kimoja cha kumpa Mungu kikapokelewa?" aliuliza. Hakuwa ananiuliza mimi.

Nilitaka kumwambia tumchinje jogoo, tule, yaishe. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba bila kuchaguliwa kwenda sekondari, sikuwa na pa kwenda, na kila treni ilipopiga honi stesheni miguu iliniwasha. Sikuweza kukaa. Nilifagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Niliona kwamba mama, ambaye hakuwahi kuomba kitu kwa mtu, alikuwa amefanywa ombaomba kwa wema, na sikujua nimkasirikie nani.

Shukrani iliyofuata ilitukuta tena na jogoo. Asubuhi mama alitoka na sufuria yetu kubwa, unga, vitunguu na chumvi.

"Vya nini?" niliuliza.

"We beba. Maswali utayauliza ukishiba."

Ibada sikuisikia. Kiti kilinichoma, vumbi la kiangazi lilinikaba, na mbele pale jogoo alikuwa anawika katikati ya maombi, watu wakicheka ndani ya viganja. Nilikuwa nawaza: atarudi. Na kitu kimoja ndani yangu kilitaka arudi, kwa sababu hata jogoo asiyeliwa ni mali, na kitu kingine kilitaka kufa kwa aibu.

Mnada ulipomfikia, mzee hakungoja. Alipandisha mara moja tu, wengine wakanyamaza kwa heshima. Akamshika jogoo mabawa, akaja.

"Mayu, chukua jogoo wako."

Vigelegele vikaanza. Mama akapokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kama inavyopasa.

"Asante baba. Sasa jogoo ni wangu, sivyo?"

"Wako, mayu."

"Basi nichinjie. Nyumbani kwangu hakuna mwanaume. Na nyie wote msiondoke, leo mnakula kwangu."

Vigelegele vikakatika. Mzee alimtazama mchungaji, mchungaji akatazama viatu vyake. Mwanamke akimwomba mwanaume amchinjie kuku wa wageni, kuna wa kukataa? Mzee akaomba kisu.

Kumbe maji yalikuwa yamekwisha kuchemka nyuma ya kanisa. Yule jirani wa maharage alikuwa kwenye mafiga tangu ibada haijaisha, akichochea kuni, na pembeni ana chungu chake cha maharage ya kuongezea. Walikuwa wamepanga wawili bila kuniambia.

Kisha tukangoja. Jogoo aliyekula mahindi ya bure muda wote ule alikuwa mgumu kama soli ya kiatu. Mama anachoma kwa kisu, anatikisa kichwa, anaongeza maji. Jua likahama. Mzee alisimama, akakaa, akasimama, akasema ng'ombe wake hawajanyweshwa. Mama akasema, "Bado kidogo, baba." Mimi nilizunguka kanisa nikihesabu madirisha, nikiogopa kwamba ataaga na kila kitu kitaharibika. Hakuaga. Mgeni aliyechinja haondoki kabla ya kula.

Jogoo mmoja hawezi kushibisha kanisa. Watu walipata mchuzi, ugali, maharage, na kipande cha nyama cha kusingizia. Lakini firigisi mama aliiweka peke yake kwenye kisahani. Nyumbani kwetu firigisi ilikuwa ya baba. Tangu afariki hatukuwa tumechinja kuku, na kwa hiyo haikuwahi kutubidi kuuliza sasa ni ya nani. Mama alivuka uwanja mzima, akampelekea yule mzee, akapiga goti.

"Karibu, baba. Umenilea mimi na wanangu. Leo kula kwangu."

Mzee alikitazama kisahani kwa muda. Nadhani alitafuta namna ya kukirudisha. Halafu akala, taratibu, akitafuna kwa shida, akamaliza. Akafuta mikono.

"Asante, mayu," alisema. "Asante sana."

Sikumbuki mtu mwingine aliyewahi kumwambia mama neno hilo katika miaka ile. Nilikwenda nyuma ya kanisa nikalia, nikasingizia moshi.

Mwaka uliofuata mama alitoa karanga, kikapu kizima, safi, alizochagua moja moja. Yule mzee alizinunua. Akina mama wakajiweka tayari kwa vigelegele. Akakifunga kikapu kwenye keria ya baiskeli kwa mpira, akakaza fundo, akapanda, akashika njia ya Mwamkulu bila kugeuka.

Mama alisimama akimwangalia mpaka vumbi likatulia.

"Ameenda nazo," akasema, na akanishika mkono kwa nguvu hata ukaniuma.