Mgeni wa Mtongwe

Kabla ya uhuru, baba alitoka Pemba kuja kufanya kazi bandarini. Akaoa Mtongwe, tukazaliwa sote hapo, lakini kila aliyemuuliza kwao ni wapi alimjibu, "Mimi mgeni tu." Neno hilo likiniudhi! Adabu yake hiyo, ya mgeni asiyelalamikia kitu, akaipeleka hadi ofisi ya kodi. Karani akamwandika mgeni kweli, na mgeni hapunguziwi kodi kwa ajili ya mke na watoto.

Mama aliposikia alivaa buibui, akatukusanya, akatupanga mbele ya karani. "Mgeni gani huyu, wallahi?"

Karani akacheka, akamwandika mkaazi.

Jioni ile, kwa mara ya kwanza, baba alilalamika kwamba maji ya kisima chetu yana chumvi.

"Haya, sasa umefika," mama akamwambia. "Karibu Mtongwe."