Makabati ya Chupa za Bwana Folio

Chupa ilipasuka saa nne asubuhi, nikiwa nashona ukosi wa suti ya mwalimu mkuu. Ilikuwa chini ya meza yangu ya kukatia vitambaa, imelala na nyingine hamsini na nane, na ilipolipuka niliruka nikaacha viatu nilipokaa. Suti ikalowa mvinyo wa mananasi kuanzia begani hadi mfukoni. Nikafua, nikaanika, nikapiga pasi, nikapulizia manukato yangu ya kwendea harusini. Mwalimu mkuu akaivaa siku ya kutangaza matokeo, na nasikia wazazi wa mstari wa mbele walikuwa wanatazamana kila akiinua mkono. Tangu hapo suti zake anapeleka kwingine.

Mume wangu aliporudi kutoka matembezini nilikuwa namsubiri mlangoni.

"Baba Pacha, leo ni Jumatatu. Ikifika Jumamosi na hizi chupa bado zipo chumbani kwangu, nazimimina zote mtaroni. Usije ukasema hukuambiwa."

Akatoa daftari mfukoni, akaandika, akaweka tarehe.

"Nimepokea," akasema.

Ndivyo alivyo, na msinionee huruma, nilimpenda mwenyewe. Miaka thelathini na moja alikuwa karani wa masjala katika ofisi moja ya serikali ya ghorofa nne. Barua ikiingia, anaisajili, anaandika namba kwenye kona ya juu, anaitia kwenye faili lake. Hiyo namba ya kwenye kona wenyewe wanaiita folio, na kwa jinsi alivyoishughulikia kwa heshima, wenzake wakambandika jina, Bwana Folio. Nyumbani kwetu kadi za kliniki za mapacha zina folio. Barua nilizomwandikia wakati wa uchumba zina faili lenye kamba. Siku moja nilitaka kuzisoma nijikumbushe ujinga wangu, akaniuliza nazitaka kwa madhumuni gani.

Mtu huyu alikuwa na donda moja tu. Miaka kumi na mitano iliyopita Mkuu wa Masjala alistaafu, na ofisi nzima ikajua kiti ni cha Bwana Folio. Hata mfagizi alishaanza kumwita mkuu. Akapewa kijana ambaye Baba Pacha mwenyewe alimfundisha kufunga kamba za mafaili, kijana wa miwani minene, ambaye mpaka leo mtaani tunamwita Miwani. Baba Pacha alirudi nyumbani siku ile, akavua tai, akala, akalala. Hakuuliza mtu. "Cheo hakiulizwi," akaniambia, na hakulirudia tena.

Basi ugomvi nikauchukua mimi. Mke wa Miwani anakaa mtaa wa pili kutoka kwetu. Miaka kumi na mitano nilimpa kisogo. Alikuja mara mbili na kitambaa chake nimshonee gauni, mara zote mbili nikamwambia cherehani imeharibika, na huku mguu wangu uko kwenye pedeli inazunguka.

Siku ya kumuaga Baba Pacha ndiyo ikawa kituko kabisa. Faili lake binafsi halikuonekana. Miaka thelathini na moja hajapoteza hata bahasha, likapotea moja, nalo likawa lake. Bosi akahutubia kwa kubahatisha, akasema amelitumikia taifa miaka ishirini na moja katika idara ya magari. Watu wakapiga makofi. Na Baba Pacha naye akapiga.

Baada ya hapo akaanza mvinyo. Alijifunza kwenye kijitabu, na siwezi kusema uongo, mvinyo wake mtamu. Tatizo ni kuupata. Kila chupa ina namba, na ukitaka kunywa unajaza fomu: jina, cheo, sababu ya kuomba, tarehe ya kurudisha. Nilimuuliza mvinyo unarudishwaje, akasema kinachorudishwa ni chupa. Na chini kabisa ya fomu pameandikwa "Imeidhinishwa na Mkuu wa Masjala", halafu saini yake, ndefu, yenye mkia. Mara ya kwanza nilipoiona nilicheka mpaka nikashika mbavu. Kisha nikamtazama usoni, nikaiweka fomu chini taratibu. Kile kiti alichonyimwa amekileta nyumbani, amekiweka chini ya meza yangu, na sasa mimi ndiye ninayetishia kukimimina mtaroni.

Lakini Jumamosi ni Jumamosi. Nina kazi za watu.

Jumanne akaanza kutafuta pa kuziweka. Masharti ya kijitabu ni matatu: chupa zilale ili kizibo kisikauke, ziwe gizani, zisitikisike. La nne lilikuwa la kwangu, kwamba isiwe ghali. Akaja kwanza na maboksi ya sabuni kutoka dukani. Alipoinua la kwanza, kitako kikabaki sakafuni na chupa zikabingirika hadi jikoni. Akaenda kuulizia makreti ya soda, akaambiwa makreti hayauzwi bila soda zake, na soda mimi nitazificha wapi? Jumatano akaenda kwa seremala. Seremala akampimia rafu ya mbao, akamtajia bei ya kitanda cha maharusi pamoja na kabati la nguo. Baba Pacha akashukuru, akaomba makadirio hayo kwa maandishi.

Alhamisi nikipita mbele ya ofisi yao ya zamani nikaona tangazo getini. Wanaondoa makabati ya chuma ya mafaili, yale ya droo nne, kwa sababu siku hizi kila kitu kiko kwenye kompyuta. Anayetaka aje na mkokoteni wake, ajichukulie. Nikasoma mara mbili. Droo ndefu, za chuma, giza tupu ndani, na kabati zito kiasi kwamba hata tetemeko lingeliomba radhi. Kuna sharti moja tu: maombi yapelekwe kwa Mkuu wa Masjala.

Nilipomwambia, alikunja gazeti taratibu.

"Nikamwombe Miwani?"

"Ukamwombe makabati, siyo kiti."

"Bora nizimimine mwenyewe."

Ijumaa asubuhi nikamkuta jikoni mbele ya sinki, chupa mkononi, kizibo kimeshatoka. Alikuwa anaitazama. Sijui alikuwa hapo tangu saa ngapi, maana chai yake mezani ilishapoa. Nikamnyang'anya chupa, nikarudisha kizibo, nikajitanda khanga.

"Vaa viatu," nikamwambia. "Tunakwenda wote."

Miwani alipotuona alinyanyuka kitini mpaka akagonga goti kwenye meza.

"Shikamoo mzee wangu. Shikamoo mama."

"Marahaba," Baba Pacha akajibu, akimtolea barua ya maombi yenye nakala mbili.

Miwani hakuisoma. "Makabati ni yako, mzee. Chukua mawili ya pembeni, yale uliyokuwa unatumia mwenyewe." Halafu akavua miwani, akaifuta na shati, akaivaa tena. "Lakini nina swali, nimeliogopa miaka yote hii. Kile cheo, kwa nini ulikikataa?"

Nikaona sikio la mume wangu linabadilika rangi.

"Nani alikataa?"

"Barua ilitoka kwa jina lako, mzee. Wakakusubiri, hukujibu. Ndipo wakaja kwangu. Na mimi nikaona, kama mzee hakukitaka, basi kina balaa. Mwaka mzima wa kwanza nilikaa nusu kiti."

"Kijana," Baba Pacha akasema, na sauti yake ilikuwa ya chini sana, "mimi nimekufundisha kufunga kamba. Usinidhihaki mbele ya mke wangu."

Tukatoka. Makabati yakaja nyuma yetu juu ya mkokoteni. Njia nzima mimi moyoni nilikuwa namporomoshea Miwani matusi ambayo hata cherehani haijawahi kuyasikia.

Jumamosi tuliamkia kuosha. Kutu, vumbi, pini, kipande cha keki kilichogeuka jiwe. Nikachomoa droo ya chini kabisa ya kabati la pili ili nifute sakafu yake, na huko nyuma, kati ya droo na bati, palikuwa na faili limejipinda. Ndiyo tabia ya makabati hayo, faili likirushwa juu ya droo iliyojaa linadondokea nyuma, na ukisukuma droo unalikandamiza huko huko. Nikalivuta. Lilikuwa na jina la mume wangu.

Nikamwita. Alikuja na kitambaa cha kufutia mkononi, akaliona, akasimama pale pale.

"Lifungue," nikasema.

"Faili la mtumishi halisomwi na mtumishi mwenyewe. Ni kanuni."

"Umestaafu, Baba Pacha."

"Kanuni haijastaafu."

Mimi sikuajiriwa na mtu. Nikafungua kamba. Karatasi ya juu kabisa haikuwa karatasi, ilikuwa bahasha, imefungwa kwa gundi, imegongwa muhuri wa SIRI, na mbele yake haina jina, ina namba ya faili tu. Kwenye kona, kwa mwandiko ninaoujua kuliko wangu: folio arobaini na saba. Chini yake: Imepokelewa. Ihifadhiwe. Tarehe ni ya miaka kumi na mitano iliyopita. Nikachukua mkasi wa kukatia nyuzi, nikaichana, nikamsomea kwa sauti.

Ilikuwa karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa ya maelekezo: masjala imkabidhi mhusika barua hii mkononi, leo hii bila kukosa. Ya pili ndiyo barua yenyewe. Ameteuliwa kuwa Mkuu wa Masjala. Ajibu ndani ya siku kumi na nne. Asipojibu, itahesabiwa kuwa amekataa.

Mniambie nyinyi. Maelekezo ya kuifungua yamefungiwa ndani. Na masjala iliyotakiwa kumkabidhi ni nani? Ni yeye.

"Hukuijua namba yako mwenyewe?" nikamuuliza.

"Niliijua," akasema. "Ndiyo maana sikuuliza. Ingekuwa ya mtu mwingine ningepeleka juu kuuliza ni ya nini. Nikaona ni yangu, nikasema, nikiuliza wataona nachungulia mambo yangu. Nikaitia ndani haraka, nikasukuma droo."

Akaipokea barua. Cha kwanza alichotazama ni kona.

"Arobaini na saba," akasema. "Iko mahali pake."

Kisha akageuza droo, akaikalia, akalia. Sifichi, alilia, mtu mzima mwenye kitambaa cha kufutia begani. Na mimi nikasimama pale na hasira zangu za miaka kumi na mitano mkononi, natafuta wa kumtupia, hakuna. Miwani hana kosa. Bosi hana kosa. Nikamkumbuka mke wa Miwani na kitambaa chake, nikiwa nazungusha pedeli namwambia cherehani ni mbovu, nikaona aibu mpaka shingo ikawaka.

Mchana tukapanga chupa. Zilikaa utadhani makabati yalifuliwa kwa ajili yake, saba kila droo, nane kwenye mbili za chini, vizibo vyote vimetazama upande mmoja. Chumba changu kikawa chumba tena. Nilidhani atafurahi, lakini alikuwa anazunguka nyumba nzima na ile barua mkononi. Mwisho akaketi mezani, akachukua fomu, akaijaza. Nilisoma nikiwa nyuma yake.

Chupa namba nne, iliyo bora kuliko zote. Jina, lake. Kwenye cheo kalamu ilisimama kidogo, halafu akaandika: karani, mstaafu. Kwenye sababu ya kuomba akaandika: jibu la barua, folio arobaini na saba. Kwenye tarehe ya kurudisha akapiga mstari. Akakunja fomu, akanipa pamoja na chupa.

"Hujasaini," nikamwambia. "Hapa chini, pa Mkuu wa Masjala."

"Hapo si pangu. Mpelekee, asaini mwenyewe."

Nikaenda. Nilivaa futi yangu ya kupimia shingoni, na mke wa Miwani alipofungua mlango sikujua nianzie wapi, nikamwambia, "Shoga, inua mikono nikupime." Akaitazama ile futi. Kisha akainua. Miwani akapokea chupa, akasoma fomu akiwa amesimama, mara ya kwanza, mara ya pili, akaketi, akaomba kalamu. Alisaini polepole sana. Akaitia kwenye bahasha, maana watu wa ofisi hawawezi kukukabidhi karatasi iko uchi, akaifunga kwa gundi, akaandika juu yake namba ya chupa, basi.

Nilipofika nyumbani Baba Pacha alikuwa ameshafungua faili la fomu, kalamu iko tayari. Akaipokea bahasha, akaandika namba kwenye kona, akafungua droo. Halafu akasita. Akarudi mezani, akauliza mkasi wangu uko wapi, akaichana bahasha, akasoma kilichokuwamo hadi mwisho. Ndipo akaifaili.