Rehema Alipoacha Kulia

Ujinga wangu ni kujisifu kwamba nimemtuliza mwanangu. Baba yake alipohamia Handeni kwa mke mdogo, Rehema wangu wa darasa la pili akawa analia kila jioni. Mimi, bingwa wa utani nisiyetoka uani, nikawa namwigiza: nabinua mdomo, napiga kwikwi, nacheka peke yangu. Ikafika jioni akala ugali wake kimya, na ya pili yake vilevile.

Juzi, tukichambua mlenda na jirani yangu Mama Shabani, nikamtambia: "Mwenzangu, mtoto habembelezwi. Mtanie tu, atazoea."

Mama Shabani akaweka ungo chini.

"Rehema hajazoea. Anakuja kulia jikoni kwangu, halafu ananawa uso ndipo anarudi kwako, maana anasema wewe utamcheka."