Kamba ya Hekaluni

Mama alikuja Texas kunipokelea mtoto, na kabla wiki ya pili haijaisha alikuwa anataka kurudi Korogwe. Ilikuwa mwaka 2018, nami nilikuwa na mimba ya miezi saba. Ile ya kwanza ilikuwa imetoka mwaka uliotangulia, nikalia peke yangu bafuni kwa sababu mume wangu alikuwa kazini na mama alikuwa bara jingine. Safari hii niliapa kujifungua mama akiwa pembeni yangu, hata kama ingebidi nimfichie pasipoti.

Kisa cha kutaka kuondoka kilikuwa nyoka. Tulikuwa tumepanga Irving, kwenye maghorofa ambayo ndege huyapitia juu kutwa nzima. Asubuhi moja fundi wa pale alimkuta nyoka chini ya ngazi zetu, akampiga kwa sepetu mbele ya macho ya mama, akamtupa kwenye pipa la taka huku anapiga mluzi. Mama alipanda ngazi mbiombio. Kwa imani yake, nyumba yenye mjamzito haiui nyoka, wala jina lake halitajwi. Watu wengi nyumbani humwita kamba usiku tu, ili asisikie akaja. Mama, kwa ajili ya tumbo langu, alimwita kamba mchana na usiku.

"Wameua kamba mlangoni kwako," aliniambia. "Mimi siwezi kukaa hapa nikisubiri kitakachofuata. Twende ukazalie nyumbani, au niache niende peke yangu nikakuombee kwa mbali."

Nilikasirika. Hasira zangu huwa ziko karibu, na mimba ilizisogeza karibu zaidi. Nilimuuliza kama ushamba huo aliulipia mzigo wa ziada pale uwanja wa ndege. Alikwenda chumbani akaanza kukunja khanga zake, moja baada ya nyingine, bila haraka. Afadhali angenifokea. Nilisimama mlangoni nikamwangalia, nikaogopa kwelikweli.

Kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, nilimsimulia mwenzangu wa zamu, mama mmoja wa Kivietinamu. Nilitaka tucheke kidogo, lakini hakucheka. Alisema hekalu lao la Kibudha, kusini ya Dallas ukishapita Cedar Hill, lina nyoka wa porini wanaoingia na kutoka wapendavyo. Hakuna anayewagusa, kwa sababu wanaheshimiwa kama walinzi wa mahali pale.

"Mlete mama yako Jumapili," alisema. "Aone mahali wasipouawa."

Mama ni Mwanglikana wa kukaa benchi la mbele. Alisema kata kata kwamba hawezi kuingia nyumba ya masanamu. Tukakubaliana atakaa nje. Nadhani alikubali kwa kuchoka kuta zetu tu. Jumapili ile tulitoka kanisani tukaenda moja kwa moja, yeye akiwa bado na gauni lake la kitenge na Biblia mkononi.

Hekalu lenyewe lilikuwa nyumba ya matofali kama nyingine za mtaa ule, ila ilivishwa paa lenye ncha zilizopinda kwenda juu. Nyuma kulikuwa na vichaka na kijito. Upepo ulileta harufu ya udi.

"Kumbe hawa nao wanafukiza udi," mama alisema, na mabega yake yakashuka kidogo.

Mwenzangu alitukaribisha kwenye meza ya nje, akatuletea wali na supu ya uyoga. Mume wangu alikaa mbele yangu. Yeye ni Mkenya wa Nyeri, mtu mwema, mwepesi wa kusaidia, na wala hajui mambo ya kwetu Tanga. Tulikuwa katikati ya kula mama alipoacha kutafuna.

"Mwanangu, usishushe mguu," aliniambia kwa sauti ya chini. "Kuna kamba hapo."

Mimi niliganda. Mume wangu akasikia kamba. Kwao nyoka ni nyoka saa zote.

"Wacha niitoe, mum," alisema, tayari anainama, "kabla mtu a-trip."

Na kweli ilifanana na kamba. Ilikuwa na rangi ya katani iliyonyeshewa mvua, ndefu, imejilaza kando ya mguu wa benchi.

"Acha! Hiyo si kamba ya kushika," mama alisema.

"Si umesema ni kamba?"

"Ni kamba, lakini si kamba!"

"Ai, mum, sasa ni kamba ama si kamba?" Mkono wake ulikuwa umeshafika chini.

"Nyoka!" mama alipiga ukelele. "Nyoka, baba, nyoka!"

Mume wangu aliruka na benchi lake, supu ikamwagikia suruali yake ya kanisani. Watu wote wakageuka. Mama hakumtazama nyoka. Alitazama tumbo langu, kiganja kikiwa kimeziba mdomo, na machozi yakamtoka.

"Nimelitaja," alisema. "Nimelitaja mbele ya mtoto."

Hapo ndipo alipokuja bibi mmoja mtawa, kichwa kimenyolewa, amevaa joho la kijivu. Hakukimbia wala hakubeba fimbo. Alikutanisha viganja, akamwinamia nyoka, akasema naye maneno machache. Nyoka alitulia, kisha akajikokota kuelekea vichakani kwa wakati wake.

"Amemwambia nini?" mama aliuliza. Mwenzangu akanieleza, nami nikatafsiri: amemwambia, Babu, pita salama, hawa ni wageni. Hapa hatumtaji kwa jina, tunamwita Babu.

Mama alifuta macho. "Nao hawalitaji?" Akafikiri. "Muulize, mtu akilitaja kwa bahati mbaya inakuwaje?"

Swali likatoka Kiswahili, likapita Kiingereza, likafika Kivietinamu, na jibu likarudi kwa njia hiyohiyo. Bibi mtawa alisema mama amelitaja ili mkwewe, mtoto wa mwenzie, asiumie, na Babu hana kinyongo na mama. Kisha akanyoosha kidole kwenye tumbo langu, akauliza siku ya kuzaa nani atakuwa pamoja nami.

Nilitafsiri. Mama alichukua kitambaa akaanza kumfuta mkwe wake supu.

Usiku ule sikuthubutu kumuuliza kitu. Asubuhi nilimkuta sebuleni amevaa viatu na sweta.

"Nipeleke hospitali," alisema.

Nilimshika paji la uso. "Unaumwa nini, mama?"

"Siumwi. Nataka kuijua njia. Uchungu ukikushika mumeo yuko kazini, mimi ndiye nitakayekupeleka."

"Utanipeleka na nini? Wewe huwezi kuendesha gari."

"Kuna basi, naliona linapita hapo chini. Nionyeshe pa kushukia tu."

Nilikaa kwenye kochi nikaanza kulia. Mama alinishika mkono akaniinua.

"Utalia ndani ya basi," alisema. "Twende."